Toyota IST au RAV4 ya zamani? Kwa uliye ughaibuni unayemnunulia mzazi gari Dodoma

Kabla hujatuma hela, piga simu nyumbani uulize: kutoka lami mpaka mlangoni kwa mzee, njia ikoje? Mimi niliyeko Uingereza sikuuliza. Nilimnunulia mama IST ya 2004, naye anakaa Bahi, ndani kutoka barabara ya Singida.

Kwenye lami, IST sina neno nayo. Ile ya cc 1500 ina injini ya 1NZ, ndugu moja na ya Probox, kwa hiyo spea zimejaa mjini na mafundi wameizoea. Inatumia cheni, huna mkanda wa taimingi wa kubadilisha. Kama mzazi wako yuko Kisasa au Ilazo na safari zake ni soko la Majengo, ibada na hospitali, chukua IST na ulale usingizi.

Bahi ni habari nyingine. Udongo ule mweusi wa mbuga unaostawisha mpunga, ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka kashata zote zinazibwa. IST iko chini: tumbo linakalia tope, tairi za mbele zinazunguka palepale. Januari ile mama aliiacha kwa jirani kando ya lami, akamalizia njia kwa miguu na ndoo ya unga kichwani. Niliumia sana kusikia. Kiangazi nacho, mifereji ya matairi ya malori iliyokauka ilimng'oa kava ya chini ya injini.

RAV4 ya 2000 hadi 2005 imenyanyuka, na ya cc 2000 ya 4WD inasukuma tairi zote. Nilipokuja likizo niliazima moja, tukapita njia ileile. Tukaenda nayo Iringa kupitia Mtera, watu watano na mizigo, na mlima Nyang'oro ikaupanda bila kulia. Ya cc 1800 ni ya tairi za mbele tu, usidanganywe na umbo.

Tatizo la hiyo ya cc 2000 ni D-4. Injini hiyo inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na haivumilii mafuta machafu. Fundi aiwashe asubuhi ingali ya baridi. Ikichelewa kuwaka au ikitetemeka imesimama, iacheni.

Zote zimepita miaka 10, kwa hiyo ukiagiza Japani kuna ushuru wa uchakavu juu ya ule mwingine. Pitia kikokotoo cha ushuru cha TRA (Mamlaka ya Mapato), kisha ulinganishe na bei ya mkononi. Fundi awe wako, si wa muuzaji. Alale chini akague sampo, bushi na shokapu. Namba ya chasisi ilingane na kadi, na usimalize malipo kabla umiliki haujahamishwa.

Sasa mdogo wangu anamwendesha mama kwa RAV4 ya 2003. Inakula mafuta kuliko IST, kwa hiyo hela ya mafuta naituma peke yake kila mwezi, mbali na ya matumizi, mama asije akaipaki kwa kunionea huruma.