Somo: Jinsi ya kusoma namba za Seiko za zamani na kuziorodhesha

Wakusanyaji wenzangu, wengi wetu tunaanza na Seiko kwa sababu ndizo saa tulizoziona mikononi mwa wazee wetu, na bado zinapatikana kwenye meza za mafundi. Kabla hujatoa hela, soma namba. Muuzaji ana maelezo yake, na namba zitakuonyesha kama maelezo hayo yanawezekana.

Hatua ya 1: Safisha mgongo wa saa. Jasho na vumbi hujaa ndani ya tarakimu. Tumia kijiti cha meno na kitambaa chenye unyevu kidogo. Sindano itachuna chuma. Kisha washa tochi ya simu, uiweke ubavuni mwa saa, mwanga upite kwa kulala. Namba ambayo haikuonekana kabisa itajitokeza. Piga picha hapo hapo.

Hatua ya 2: Tafuta namba yenye kistari. Chukua mfano wa 6309-7040, saa ya wapiga mbizi. Nne za mwanzo ni mashine, nne za mwisho ni kasha. Namba hii haikuambii rangi. 7S26-0020 imeandikwa kwenye modeli ya SKX007 yenye uso mweusi na pia kwenye SKX009 yenye uso wa buluu. Kwa hiyo rangi iandike kila mara, hata kama unaona haina haja.

Hatua ya 3: Soma namba ya mfululizo, ile nyingine ya mgongoni isiyo na kistari. Hapa ndipo wengi wanapotea, tuende taratibu. Tarakimu ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka saa ilipotengenezwa. Ya pili ni mwezi: 1 mpaka 9 ni Januari mpaka Septemba, kisha O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Muongo haukuandikwa. Namba inayoanza na 3N inaweza kuwa Novemba 1973, 1983 au 1993. Rudi kwenye mashine: 6309-7040 ilitengenezwa kati ya 1976 na 1988, basi hapo ni 1983 tu. Na mtu akikuuzia 7S26 "ya miaka ya themanini", mwachie saa yake, maana mashine hiyo ilianza 1996.

Hatua ya 4: Linganisha na uso. Chini kabisa, karibu na ukingo, kuna maandishi madogo mno. Chukua kioo cha kukuzia. Kwenye 6309-7040 utakuta 6309-704L. Kwa kawaida nne za mwanzo zinafanana na za mgongoni. Nyuso zilizopakwa rangi upya mara nyingi hazina maandishi hayo, au herufi zake ni nene na zimepinda. Zinapendeza machoni, lakini mimi sizilipii bei ya uso wa kiwandani.

Hatua ya 5: Andika. Mashine na kasha, mfululizo, tarehe uliyoipata, namba ya uso, rangi, lugha za jina la siku linaloonekana usoni, mkanda, kilichobadilishwa, bei. Daftari au jedwali la kwenye simu, vyote sawa. Andika ulichokiona kwa macho yako. Cha kusikia kipe safu yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Tanga: Shikamoo mwalimu. Saa ya marehemu babu ina mfululizo wa tarakimu saba, inaanza na 4, na mgongoni wameandika "Waterproof". Ni ya mwaka gani?

Jibu: Marahaba. Tarakimu saba ni za miaka ya 1960, na neno hilo liliachwa karibu na 1970, nafasi yake ikachukuliwa na "Water Resistant". Hiyo ni ya 1964. Usikubali fundi aipige polishi mgongoni.

Mombasa: Kaka, yangu inaonyesha siku kwa Kiarabu. Imechezewa?

Jibu: La hasha. Seiko walitoa gurudumu la siku lenye Kiingereza na lugha ya pili kulingana na soko, na la Kiarabu lilikwenda Mashariki ya Kati. Zungusha siku mpaka uone lugha zote mbili, uziandike. Ni dalili nzuri ya saa iliuzwa wapi kwa mara ya kwanza.

Mwanza: Mkuu, mgongo unasema 6309, uso unasema 7009. Ninunue?

Jibu: Hizo ni saa mbili zilizounganishwa. Mwombe fundi aifungue mbele yako, usome namba iliyo kwenye mashine yenyewe. Ukiipenda kwa kuvaa, ilipie bei ya vipuri, na kwenye daftari andika namba zote tatu.

Dodoma: Je, Omega na Rolex nazo ni hivi hivi?

Jibu: Hapana. Omega nyingi za zamani namba yao ya modeli iko upande wa ndani wa mfuniko, kwa hiyo lazima ifunguliwe. Rolex za zamani vua mkanda, uangalie kati ya masikio ya kasha upande wa 12. Ya mfululizo iko upande wa 6.