Noti za mwanzo wa uhuru: namna ya kuzikusanya ukiwa Lubumbashi

Kila anayeanza kukusanya noti za zamani hapa Lubumbashi huwa na jina moja mdomoni: Tshombe, aliyeongoza jimbo hili la Katanga lilipojitenga na Congo mwaka 1960. Anataka noti ya Katanga, anaitaka leo, na yuko tayari kulipa bei yoyote atakayotajiwa. Ushauri wangu ni uiache kwanza. Wauzaji wanajua jinsi inavyotafutwa, na asiyejua kusoma noti ndiye anayewalisha.

Hatua ya 1: Soma jina la benki kabla ya kutazama sura

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, lakini pesa hazikubadilika siku hiyo. Watu waliendelea kununua unga kwa noti za Banque Centrale du Congo Belge et du Ruanda-Urundi, za mkoloni yuleyule. Baadaye baadhi ya noti hizo, hasa za faranga 1000, zikapigwa chapa juu yake: Conseil Monétaire de la République du Congo, yaani Baraza la Fedha la Jamhuri ya Congo. Ukiipata yenye chapa hiyo ya 1962, ishike vizuri, maana inaonyesha dola mpya ikiazima karatasi ya ile ya zamani. Conseil Monétaire ilitoa pia noti yake ya faranga 100 yenye mwaka 1963.

Ya tatu ni Banque Nationale du Congo. Simba utamwona kwenye faranga 50, na Rais Kasavubu kwenye faranga 100. Angalia mtego wa tarehe: nyingine zimeandikwa 1961, ilhali benki yenyewe iliundwa kwa sheria ya Februari 1961 na ikaanza kazi Juni 1964. Basi tarehe ya kwenye noti usiichukue kuwa ndiyo siku iliyoingia sokoni.

Benki hiyohiyo ndiyo iliyotoa makuta mwaka 1967, pale faranga 1000 zilipogeuka kuwa zaire 1, yaani makuta 100. Wakati huo zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Wazee wakikumbuka hilo hucheka peke yao.

Halafu kuna Banque Nationale du Katanga, ya hapahapa mjini, wakati mji ukiitwa Élisabethville. Noti zake za 1960 zina sura ya Moïse Tshombe. Za 1962 hazina. Kwenye faranga 100 yupo mama aliyebeba masuke ya mahindi, na kwenye 1000 mama anachuma pamba akiwa na mtoto. Muuzaji akikuambia noti isiyo na Tshombe si ya Katanga, usibishane naye. Lipa bei yake, shukuru, ondoka.

Mimi husimama mwaka 1971, nchi ilipobadilishwa jina kuwa Zaire. Baada ya hapo ni mkusanyiko mwingine.

Hatua ya 2: Anza na makuta

Ni rahisi kupatikana kuliko nyingine na haziumizi mfuko, hivyo utajifunza bila hasara kubwa. Tafuta noti kadhaa za aina moja zenye tarehe tofauti kati ya 1967 na 1970, kisha zilinganishe zikiwa pamoja: saini ya gavana Albert Ndele, rangi, herufi zinazotangulia namba.

Ya kwanza iwe makuta 20, yenye sura ya Patrice Lumumba. Aliuawa Januari 1961 porini, si mbali na mji huu, wakati serikali ya Tshombe ikitawala hapa. Miaka sita baadaye sura yake ikaingia mifukoni mwa watu wa mji huohuo. Kwenye albamu yangu noti hiyo inatazamana na ya Tshombe ya 1960, na wageni wote husimama kwenye ukurasa huo.

Hatua ya 3: Tafuta majumbani

Makambisti, wabadilishaji pesa wa barabarani, watakuuzia, lakini noti nzuri zimelala kwenye masanduku ya bati katika mitaa ya mji huu ya Katuba, Kenya na Ruashi, kwa familia za waliofanya kazi Union Minière, kampuni ya zamani ya migodi ya shaba. Usiingie na neno la bei. Salimia, kaa, ulizia habari za watoto, ndipo useme: “Mama, nasikia baba aliacha falanga za kale. Naomba kuziona tu.” Akizileta, mwambie kweli ni noti gani na zinauzwaje. Ukimdanganya, mtaa mzima utajua kabla hujafika kituo cha teksi, na hutafunguliwa sanduku tena.

Andika kwenye daftari ulikoipata na mwaka. Usiandike kwenye noti, hata kwa penseli.

Hatua ya 4: Kagua

Chukua lenzi inayokuza mara kumi. Kwenye noti halisi mistari myembamba huonekana imekwenda bila kukatika. Kwenye nakala ya printa utaona vitone vya rangi vilivyotawanyika. Kisha azima taa ya zambarau (UV) ya kambisti. Karatasi ya noti ya miaka ile haitakiwi kung’aa buluu. Iking’aa sana, ama ni karatasi ya leo ama imefuliwa kwa sabuni ya unga. Zote mbili mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 5: Hesabu mikunjo

Inamishe noti kwenye mwanga wa dirisha. Mkunjo mmoja katikati unapunguza bei, na msalaba wa mikunjo miwili unaipunguza zaidi. Wauzaji wa hapa hutumia madaraja ya Kifaransa, kuanzia noti mpya kabisa kushuka hadi iliyotumika sana: NEUF, SPL, SUP, TTB, TB. Wengi huipa TTB noti inayostahili TB, kwa hiyo wewe shusha daraja moja ndipo uanze kupatana.

Hatua ya 6: Hifadhi

Usipige pasi. Usigandishe kwa selotepu. Na tafadhali usiipeleke kwa wale vijana wa kuplastifika vitambulisho: noti iliyofungwa kwa plastiki ya moto haitoki tena nzima, nami sinunui. Tumia mifuko ya poliesta; ile laini ya PVC inayonukia hutoa mafuta na kuiharibu karatasi. Albamu isimame kabatini, mbali na ukuta wa nje, kwa kuwa kuanzia Novemba mvua ikishika kuta hulowa. Mwezi Mei, kiangazi kikiingia, ifungue ukurasa kwa ukurasa utafute madoa ya kahawia. Yenye doa itoe uiweke peke yake, isiambukize zilizo jirani.