Viza ya kumfuata mume Ujerumani: anza na majina

Kabla hujagusa fomu, tandaza vyeti vyote mezani usome majina herufi kwa herufi. Mimi cheti cha kuzaliwa kilisema Zainabu, pasi ikasema Zainab. "U" moja tu hiyo ikanipeleka kwa wakili kula kiapo, huku mume wangu yuko Hamburg anahesabu wiki.

Pasi nilishughulikia hapa hapa Dodoma, haikunisumbua.

Kilichonitoa jasho ni Kijerumani. Mke anayemfuata mumewe kwa kawaida hudaiwa cheti cha A1, ngazi ya kwanza kabisa. Mtihani nilifanyia Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, Dar. Niliandika maneno kwenye vikaratasi nikabandika nyumba nzima: Salz kwenye kopo la chumvi, Tür mlangoni. Jirani akadhani nimeanza uganga.

Ubalozi nao uko Dar. Ada ya mtu mzima ni yuro 75, mtoto nusu yake. Panda treni ya SGR siku moja kabla ya miadi, ulale kwa ndugu. Nilibeba nakala mbili za kila cheti, na vyeti halisi kwenye bahasha yake. Tiketi ya ndege usikate mpaka uone viza imebandikwa kwenye pasi.