Wembe Mkali Unaouma: Dawa Yake Gazeti

Baba siku hizi si msemaji, ila nikimnyoa huniambia yote kwa nyusi. Wembe ukipita vizuri, nyusi zimetulia. Ukiuma, unyusi wa kushoto unapanda kabla hajafungua mdomo. Ngozi yake imekuwa nyembamba, imelegea chini ya taya, na ndevu zake bado ngumu kama waya. Siku moja nilimnyoa kwa wembe niliokuwa nimetoka kuunoa jana yake, nikijisifu moyoni kwamba sijapata kuunoa vile. Unyusi ukapanda. "Mwanangu," akasema, "huu wembe ni mkali, lakini hauna adabu."

Alisema kweli, na tangu siku hiyo sijamnyoa kwa wembe uliotoka kwenye kinoo bila kuupitisha kwanza kwenye gazeti.

Nazungumzia wembe wa kukunja, wenye bapa refu linalojificha kwenye mpini, si zile nyembe za pakiti za kutumia na kutupa. Wembe wa namna hii unanolewa kwa kinoo: namba 1000 kutengeneza makali, kisha vilaini zaidi mpaka 8000 au 12000. Lakini kinoo, hata kiwe laini namna gani, kinakula chuma kwa kukikwaruza. Kila mkwaruzo unapofika ukingoni mwa makali unaacha kijino kidogo sana. Vijino hivyo vinakata ndevu bila taabu, tatizo ni kwamba vinachukua na ngozi kidogo. Ndiyo maana wembe unaweza kuangusha unywele hewani na bado ukaacha shingo inawaka moto.

Wengi hutoka kwenye kinoo moja kwa moja wakaenda kwenye mkanda wa ngozi wa kulainishia makali. Si vibaya, lakini ngozi ni laini: ukigandamiza kidogo inabonyea chini ya bapa na kuinuka nyuma ya makali, na taratibu makali yanaanza kuwa mviringo. Gazeti lililotandazwa juu ya kitu kigumu halibonyei hivyo. Karatasi yenyewe ni nyuzi za mti, mara nyingi zikiwa na unga laini wa madini uliochanganywa kiwandani, na wino mweusi wa gazeti rangi yake ni masizi. Vyote hivyo vinasugua, lakini kidogo mno. Havikupi makali mapya. Vinapunguza vile vijino, basi. Ukiwa na wembe butu, gazeti halitakusaidia hata ukilipitia asubuhi hadi jioni.

Karatasi ninayotaka ni ya gazeti la kawaida, lile linaloacha weusi vidoleni. Kurasa za kung'aa za majarida nimezijaribu, sikuona faida. Karatasi ya kuokea imepakwa silikoni, wembe unateleza tu juu yake. Chagua ukurasa wenye maandishi mengi na usio na mkunjo.

Hapo kwenye mkunjo nisikilize vizuri. Mara ya kwanza nilikunja gazeti mara nne ili liwe nene, nikaliweka mezani, nikaanza. Upande mmoja ulikwenda sawa. Niliporudi, makali yakapita juu ya mstari wa kukunjia, nikasikia "tik" ndogo kama kucha kwenye kikombe. Nilipoangalia kwenye mwanga, karibu na ncha palikuwa na pengo ambalo jicho linaliona. Nikarudi kinoo namba 1000, nikaanza moja, jioni yangu yote ikaishia hapo. Tangu hapo natumia karatasi moja, bapa, isiyokunjwa popote ambapo wembe unapita.

Chini yake naweka kioo, kipande cha dirisha ambacho kingo zake zimesuguliwa zisikate. Ubao uliopigwa randa vizuri unafaa pia. Naipangusa karatasi upande wa nyuma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, maana karatasi ya gazeti ikilowa inachanika, kisha naitandaza, naisukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni, nabana kingo zote nne kwa utepe wa gundi. Naiacha usiku kucha. Ikikauka inajivuta na kukaza kama ngozi ya ngoma. Haraka ikikushika, tandaza kavu na ubane tu, lakini hakikisha hainyanyuki katikati.

Kabla wembe haujagusa, chukua pamba ya dukani, ipitishe polepole juu ya karatasi yote. Palipo na chembe ya mchanga au kipande kigumu cha mti, nyuzi za pamba zinanasa. Ukiona uzi mmoja umebaki umesimama, toa hicho kilichomo au badilisha ukurasa. Kazi ya nusu dakika, na inaokoa saa mbili za kinoo.

Sasa mkono. Shika wembe kwenye shingo, pale penye chuma kati ya mpini na bapa, kwa kidole gumba na cha shahada. Laza bapa lote: mgongo unagusa karatasi na makali yanagusa karatasi, vyote kwa pamoja. Mgongo ndio unaokupimia pembe, wewe huna la kukisia. Wembe wangu una mgongo wa milimita 5 na nusu na upana wa milimita 19, kwa hiyo pembe ya makali inatoka karibu nyuzi 17. Ukiuinua mgongo hata kidogo umeshaharibu hesabu hiyo.

Sukuma mgongo ukiwa mbele, makali yakifuata nyuma. Ukifika mwisho, simama kwanza, kisha ugeuze wembe juu ya mgongo wake, kama mtu anayejigeuza kitandani bila kunyanyuka, halafu urudi, tena mgongo mbele. Makali hayaongozi hata mara moja. Yakiongoza yatachana karatasi, na ukigeuzia upande wa makali ni kosa hilohilo kwa njia nyingine. Kama kipande chako ni chembamba kuliko urefu wa makali, pita kimshazari ili sehemu yote iguse, kuanzia karibu na shingo hadi ncha.

Uzito ndio unaowashinda watu, na mimi ulinishinda. Nilijiona nina mkono mwepesi mpaka nilipoweka kioo na karatasi juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha kwenye sifuri, nikapitisha wembe. Mizani ikasoma zaidi ya gramu 400! Nikafanya mazoezi pale pale, macho kwenye namba, mpaka mkono ukajua gramu 100 zinahisije. Kwa gazeti sivuki hapo. Karatasi haina huruma ya mkanda wa ngozi: ukiigandamiza, chuma chembamba cha ukingoni ndicho kinachopinda.

Baada ya uzito, sikio. Gazeti kavu na wembe mwepesi vinatoa sauti kavu, sawa mwanzo mwisho, kama mtu anafagia chumba cha pili. Mipito ya kwanza sauti ina ukali kidogo. Kufika wa 15 au 20 inalainika, na vidole vinahisi wembe unashikwa kidogo zaidi na karatasi. Mabadiliko hayo ndiyo ninayoyasubiri. Sauti ikiwa tofauti upande mmoja na mwingine, una uhakika gani kwamba bapa limelala sawa pande zote? Angalia kifundo cha mkono, mara nyingi ndicho kinachojipinda wakati wa kurudi. Na ukisikia "tik", acha papo hapo.

Mimi nafanya mizunguko 30, kwenda na kurudi kukiwa ni mzunguko mmoja. Zaidi ya hapo sijaona tofauti usoni. Bapa litakuwa limepata weusi wa wino, upanguse kwa kitambaa kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, usipite kwa urefu wa makali ukajikata. Halafu ndipo mkanda wa ngozi, mizunguko 50, mwendo uleule. Usibadilishe mpangilio: ukimaliza kwa gazeti, makali yanakuwa makavu kidogo mwanzoni mwa kunyoa, ngozi ndiyo inayoyamalizia.

Kupima, sitii kidole kwenye makali. Nachukua unywele wangu mmoja, naushika upande wa mzizi, nauacha uning'inie juu ya wembe sentimita moja toka vidoleni. Ukikatika bila kuruka pembeni, vizuri. Tumia nywele za kichwa kilekile kila mara, kwa sababu nywele nene na nyembamba hazitoi jibu moja. Hata hivyo jibu la mwisho liko chini ya taya, mahali ndevu zinapobadili mwelekeo.

Gazeti nalitumia kila baada ya kinoo, bila kukosa, kisha tena baada ya kunyoa mara tano au sita, ninapoona wembe umeanza kukwaruza. Watu huuliza chuma kinachokaje kwa unywele laini hivyo. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwa darubini kwamba unywele, ulio laini mara 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kuumega ukingo wake ukigongana nao kwa pembe fulani, hasa penye udhaifu ambao tayari upo. Penye pengo kubwa, au penye kutu iliyofika ukingoni, gazeti si dawa. Rudi kwenye kinoo.

Karatasi yenye unyevu na chuma cha kaboni ni maadui, kwa hiyo hakikisha imekauka kabisa kabla ya kuanza, na ukimaliza kunyoa kausha wembe, upake tone moja la mafuta ya cherehani. Karatasi iliyotumika naibandua na kuitupa, sihifadhi, maana vumbi linaikalia.

Juzi nilimnyoa baba kwa wembe uliopita gazetini usiku. Nilipomaliza shavu la kushoto nikasuuza, nikageuka, nikamkuta amelala. Nikamfunika taulo la moto upande uliobaki, nikakaa kumsubiri.