Namna ya kuchambua na kupanga matukio bora na mabovu ya timu yako

Orodha nyingi za namna hii huharibika mapema kwa sababu mtu anaanza kwa kukusanya mabao. Bao ni mwisho wa tukio tu. Unachotafuta ni mchezo mzima: tangu mpira ulipopatikana au kupotea, hadi ulipotua wavuni, mikononi mwa kipa au nje. Tutumie Liverpool kama mfano, maana ina mazuri na mabovu ya kutosha.

Kusanya matukio kama 30, uyachuje yabaki kumi mazuri na kumi mabovu. Kwa kila moja andika tarehe, mpinzani, dakika, ubao ulikuwa unasomaje, mpira ulianzia wapi, nani aliamua nini, na kilichofuata. Kumbuka kwamba kipindi cha mechi si tukio. "Istanbul 2005", yaani fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya AC Milan, haiingii hivyo hivyo. Mabao matatu ya Liverpool kati ya dakika ya 54 na ya 60 ni matukio matatu, na huenda lenye thamani kubwa zaidi ni kipa Dudek kumzuia Shevchenko wa Milan mara mbili mfululizo kwenye muda wa nyongeza.

Tafuta video ya mechi nzima, si kipande kilichokatwa, na anza kutazama nusu dakika kabla ya tukio. Mara ya kwanza tazama kwa kasi ya kawaida. Mara ya pili polepole na bila sauti, kwa sababu kelele za mtangazaji hupandisha alama zisizostahili. Mara ya tatu usiuangalie mpira kabisa. Waangalie wasio nao.

Hapo ndipo kona ya dakika ya 79 dhidi ya Barcelona, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Anfield, 7 Mei 2019, inapofunguka. Liverpool walifungwa 3-0 mechi ya kwanza na usiku huo walikuwa wameshazirudisha zote tatu. Ukifuata mpira tu, utaona krosi ya chini na Origi akimalizia, basi. Ukiangalia watu, unamwona Alexander-Arnold akianza kuondoka kwenye kibendera kana kwamba anamwachia mwenzake Shaqiri, huku mabeki wa Barcelona wakiwa bado wanajipanga, wengine hawauangalii hata mpira. Ghafla anageuka na kupiga. Ufundi wa kawaida, uamuzi wa hali ya juu.

Ndiyo maana alama zigawe mara tatu: uamuzi 5, ufundi 5, uzito wa mechi 5. Uzito uandike kwanza, kabla ya kutazama video, usije ukaupandisha kwa msisimko. Kichwa cha kipa Alisson dhidi ya West Brom, 16 Mei 2021, dakika ya 95, kinapata alama za juu kote: amekimbilia boksi la wapinzani, amepiga kichwa kama straika halisi, na Liverpool walikuwa wakiwania nafasi ya Ligi ya Mabingwa.

Upande wa mabovu ndio mgumu, kwa kuwa lawama humwangukia aliyeonekana mwisho. Rudisha video nyuma hadi kosa la kwanza. Nahodha Gerrard dhidi ya Chelsea, 27 Aprili 2014: watu wanakumbuka kuteleza, ila mpira ulikuwa umeshampita chini ya mguu alipokuwa anaupokea. Kosa ni kupokea. Kuteleza kulimnyima nafasi ya kulirekebisha, na Demba Ba wa Chelsea akaenda kufunga. Wala usiliandike kama tukio lililopoteza ubingwa wa ligi peke yake. Siku nane baadaye Liverpool waliongoza 3-0 kwa Crystal Palace hadi dakika ya 78, ikaisha 3-3.

Tenganisha pia kosa lenu na ubora wa mpinzani. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid, Kyiv, 26 Mei 2018, mpira wa kipa Karius uliomgonga Benzema na shuti la mbali la Bale lililomponyoka yanaingia kwenye mabovu. Tikitaka ya Bale haiingii. Uchunguzi wa madaktari uliofanyika baadaye ulionyesha Karius alipata mtikisiko wa ubongo. Hilo liandike kwenye safu ya sababu, haliondoi tukio.

Halafu kuna yasiyo na mchezaji mwenye kosa. Sunderland, 17 Oktoba 2009: shuti la Darren Bent liligonga puto la ufukweni lililoingia kutoka kwa mashabiki wa Liverpool, likamhadaa kipa Reina, na mechi ikaisha 1-0. Sheria ilimtaka mwamuzi asimamishe mchezo na kuudondosha mpira, lakini akakubali bao. Tukio kama hili lipe ukurasa wake wa pembeni, bila alama. Ukilichanganya na makosa ya wachezaji, litapanda hadi nafasi ya kwanza kwa kuchekesha tu.