Umepata kamera kubwa ya filamu ya mtumba na imegoma? Usiilazimishe, soma hapa kwanza

Wakuu, nimeamua niandike hii kitu kwa kirefu maana nakutana sana na mtu kashika kamera ya mtumba, moyo umeshamvunjika, anasema mashine mbovu, ukiipokea mkononi unakuta kuna kitu kimoja tu kimesahaulika, unakiweka sawa inapiga kama kawaida. Hapa naongelea kamera za roli ya 120 (filamu pana iliyoviringishwa na karatasi) na zile za filamu ya shiti (kipande kimoja kimoja cha filamu), inchi 4x5 na kwenda juu. Zile za roli, nyingi zina tabia ambayo kamera ndogo nyingi hazina: zinagoma kwa makusudi. Zimetengenezwa zikatae kupiga kama hujafuata mpangilio wake, zisikuharibie picha. Kwa hiyo ikigoma usikaze mkono, ukikaza ndo unavunja meno ya gia ndani na hapo inakuwa mbovu kweli. Mimi nilishawahi kulazimisha wenzo wa kuvutia filamu, nikasikia "kak", basi, ile kamera haikurudi tena na bado inaniuma mpaka leo, kwa sababu baadaye nilikuja kujua slaidi ilikuwa bado iko ndani.

Slaidi ni lile bati jembamba linalochomekwa kati ya mgongo wa filamu (kisanduku cha nyuma kinachobeba filamu) na kamera kuzuia mwanga. Kwa Hasselblad, Mamiya RB67, Bronica na zingine zenye mgongo wa kutoa, slaidi ikiwa ndani shata (kipazia kinachofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu) haipigi. Hicho ndo kitu cha kwanza kuangalia. Pia mgongo wa RB67 unazunguka, usipozunguka mpaka ukae vizuri kwenye nafasi yake, kamera inaweza kukataa kupiga. Halafu kuna hii inayowaumiza wengi: lenzi za RB67 zina kijinobu chenye herufi N na M. Kikiwa kwenye M, ukibonyeza kitufe cha kamera kioo kinanyanyuka na unasikia mlio mzuri kabisa, unadhani umepiga, kumbe shata haijafunguka maana inasubiri waya wa kubonyezea uchomekwe kwenye lenzi yenyewe. Roli zima linatoka tupu. Weka N, tulia.

Zingine kwa haraka haraka. Hasselblad za 500 usitoe wala kuweka lenzi kama kamera na lenzi hazijakokiwa (springi zake kuvutwa tayari kupiga) zote mbili, zikipishana zinakwama na huwezi kuichomoa tena bila kuingiza bisibisi kwa nyuma, kazi ambayo kama hujawahi kuifanya mwachie fundi. Pentax 67 yenye prizima (kile kitazamio cha juu) ya kupimia mwanga, weka prizima kwanza halafu ndo lenzi, ukigeuza unakata kile kicheni chembamba ndani. Mamiya RZ67 bila betri inapiga spidi moja tu ya dharura, 1/400, kwa hiyo kabla hujasema imekufa nunua betri ya volti 6. Na shata za zamani za Compur (zile zilizojengwa ndani ya lenzi), spidi ya juu kabisa iweke kabla ya kukoki, siyo baada. Ukikuta kitufe chenye herufi V, hiyo ni taimeri ya kujipiga mwenyewe, kwenye lenzi kuukuu usiiguse kabisa, ikikwama inakwama na shata yote. Na ukitumia flashi ya kisasa hakikisha swichi ya flashi kwenye lenzi iko X siyo M (hii M siyo ile ya RB67), la sivyo flashi na shata havitakutana na picha inatoka giza.

Sasa tuje kwenye kupima, na hapa naomba mtulie maana ndo pa muhimu, na filamu hauitaji hata moja.

Shata kwanza. Fungua nyuma ya kamera, au kama ni lenzi ya 4x5 ishike tu mkononi, elekeza dirishani, weka simu nyuma yake irekodi video ya slo mosheni ya fremu 240 kwa sekunde. Piga spidi moja moja. Halafu rudi kwenye video uhesabu ni fremu ngapi zina mwanga. Sekunde 1 inatakiwa fremu kama 240, 1/30 inatakiwa fremu 8, 1/60 fremu 4. Ukiweka 1/30 ukapata fremu 16 ujue shata yako inapiga 1/15, yaani inaingiza mwanga mara mbili, stopu nzima. Juu ya 1/60 njia hii haina uhakika tena, fremu zinakuwa chache mno. Chukua kikaratasi uandike spidi halisi za lenzi hiyo, ukibandike kwenye kifuniko cha lenzi. Shata inayochelewa kwa kiwango kile kile kila siku ni shata nzuri tu, unaihesabia. Mbaya ni ile ya leo hivi kesho vile.

Spidi za taratibu, sekunde 1 mpaka 1/8 hivi, zina mlio wake wa zzzz kama saa ya ukutani. Kamera iliyokaa kabatini miaka, grisi inakuwa gundi, unasikia zzz... halafu kimya, shata imebaki wazi. Koki na piga mara 20 au 30 bila filamu, mara nyingi inaamka yenyewe. Isipoamka inahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Tafadhali sana usipulizie mafuta yale ya kulainisha kufuli za mlango, yanasambaa mpaka kwenye vipande vya shata, vinashikana, na yakifika kwenye vioo unaanza msiba mwingine.

Baada ya hapo mvukuto, yale makunjo meusi kati ya lenzi na mgongo. Subiri usiku, zima taa zote, vuta mvukuto mpaka mwisho, ingiza tochi ndogo kali ndani kisha funika mwanya kwa nguo nyeusi. Zunguka taratibu macho yakishazoea giza. Kama ni mzima huoni kitu. Kama mvukuto umechoka utaona vitobo vidogo vidogo kwenye pembe za makunjo, vimekaa kama nyota, mara kimoja mara vitano. Weka alama kwa chaki, kesho yake paka rangi nyeusi ya kitambaa inayonyumbulika, matabaka mawili matatu membamba, acha ikauke ukiwa umeuvuta. Vikizidi sana hapo ni kubadili mvukuto, hakuna ujanja.

Lenzi imulike kwa tochi kutokea nyuma. Vumbi lisikutishe hata kidogo, mikwaruzo midogo ya mbele pia. Kuvu lenye nyuzi kama utando wa buibui au ukungu mweupe, hivyo vinapunguza ukali wa picha, ukiwa bado hujalipa achana nayo.

Kuweka roli ya 120: kivulini, siyo juani. Upande mweusi wa karatasi ndo unaangalia lenzi, hiyo kanuni haibadiliki kwa kamera yoyote. Vuta mpaka mshale ukutane na alama ya kuanzia ndo ufunge. Roli ishike ikaze kwa kidole muda wote, ikilegea mwanga unaingia pembeni na fremu zinapandana. Kwa fremu za sentimita 6x6 unapata picha 12, kwa 6x7 unapata 10.

Shiti za 4x5 unapakia gizani kabisa, kwa hiyo fanya mazoezi na shiti moja iliyokwisha haribika, kwanza macho wazi, halafu umefumba. Vidole vitafute vile vijikato pembeni mwa shiti: ukiishika wima, vijikato vikiwa juu kulia, upande wenye dawa unakutazama wewe. Slaidi ya holda (kile kibebeo bapa cha shiti), upande mweupe wa kishikio ukiwa nje maana yake bado haijapigwa, mweusi nje imepigwa. Halafu mpangilio wa kupiga, uuimbe kama mtoto anavyoimba herufi: fungua shata ufokasi, FUNGA SHATA, koki, ingiza holda, vuta slaidi, piga, rudisha slaidi mweusi nje. Hapo kwenye kufunga shata ndo shiti nyingi zinapotea.

Na ukipiga kitu cha karibu, pima urefu wa mvukuto. Lenzi ya mm 150 ukiivuta mpaka mm 300 umeongeza mara mbili, mbili kwa mbili nne, kwa hiyo mwanga unahitajika mara nne, stopu mbili. Hakuna meta ya kupimia mwanga, ya mkononi wala ya simu, itakayokwambia hilo.

Kwa majaribio usichome filamu ghali. Kata karatasi ya kuchapia picha, weka ndani ya holda, hesabu ISO 6 kama pa kuanzia, unaisafisha kwenye taa nyekundu ukiiona inavyotokea.

Roli lako la kwanza likitoka tupu, angalia maandishi na namba za pembeni mwa filamu kabla hujalaumu kamera. Zikionekana vizuri ila fremu hazina kitu, filamu haikupata mwanga, rudi kwenye shata na ile N na M. Kama hata namba hazipo, tatizo liko kwenye dawa ya kusafishia. Doa la mwanga likiwa sehemu ile ile kila fremu, mvukuto au kamera ina tundu, likiwa pembeni tu basi roli lililegea. Ukienda kwa fundi mpelekee na hizo negativu pamoja na kile kikaratasi cha spidi, usimwambie tu "imegoma", atajua pa kuanzia bila kufungua kila skrubu.