Kuogelea kwenye maporomoko ya msituni: kaa kwanza uyasome maji ndo uingie

Najua inavyokuwa. Mmetembea masaa mawili kwenye msitu wa mvua, njia yote ni mizizi na tope, jasho limelowesha mgongo mzima, alafu ghafla miti inafunguka na mbele yako kuna bwawa la kijani na maji yanamwagika toka juu, nani atasubiri? Mtu anavua shati huku anakimbia. Mimi naomba sana usifanye hivyo, dakika 15 za kwanza kaa juu ya jiwe, kunywa maji uliyobeba, na uyaangalie yale maji, maana hilo bwawa uliloliona kwenye picha za watu wiki iliyopita sio lazima liwe hilo hilo leo, mafuriko ya usiku mmoja yanaweza kuleta gogo na kulilaza pale pale watu walipokuwa wanarukia.

Ila tuanzie nyumbani kwanza. Toka mapema sana, ukiweza saa mbili au saa tatu asubuhi uwe umeshafika. Sababu ya kwanza ni watu, sehemu ikishakuwa maarufu ikifika mchana pale ni kusukumana na huwezi hata kuona nani yuko kwenye maji na nani ameshatoka. Sababu ya pili ni kubwa zaidi, kwenye misitu mingi ya tropiki mvua za radi zinajijenga mchana na kushuka alasiri, asubuhi ndo huwa pametulia. Na kurudi nako kunataka mwanga, chini ya miti mikubwa inafika mwanga kidogo mno, kwaiyo nje ya msitu jua bado lipo lakini ndani huoni unapokanyaga. Mwambie mtu aliyebaki nyumbani umeenda wapi na utarudi saa ngapi, huko netiweki mara nyingi hakuna.

Viatu. Kandambili acha kabisa, yaani mawe ya pembeni ya maporomoko yana ule utando wa kijani, yakilowa ni kama yamepakwa mafuta, vaa raba za soli yenye meno au sandozi za kufunga nyuma na uingie nazo hadi ndani ya maji. Kama msitu una ruba vaa soksi ndefu na uchomekee suruali ndani, akikung'ata usimchome moto wala usimvute kwa nguvu, pitisha ukucha ubavuni mwa mdomo wake taratibu anaachia mwenyewe.

Kitu kimoja ambacho karibu hakuna anayebeba na mimi siendi bila hicho ni dumu tupu la lita 5 lenye kifuniko kinachobana vizuri, na kamba ya kama mita 15 imefungwa kwenye mkono wa dumu. Uzito hauna. Mtu akizidiwa na maji unamrushia, analikumbatia, unamvuta ukiwa umekaa chini umekaza miguu kwenye mwamba. Wanaokufa kwenye maji ya namna hii wakati mwingine wanakuwa wawili, wa pili ni yule aliyeruka kumwokoa wa kwanza. Na ujue anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama watu wanavyodhani, anakuwa amesimama wima ndani ya maji, kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, kimya kabisa. Ukimwita mwenzako akanyamaza, rusha dumu kwanza, maswali baadaye.

Sasa umefika, umekaa kwenye jiwe lako. Angalia nini?

Okota jani kavu au kijiti, kirushe karibu na pale maji yanapotulia baada ya povu, alafu kifuatilie kwa macho tu. Kikielea taratibu kuelekea kwenye mlango wa bwawa, sawa, umeshajua mkondo unakwenda wapi. Ila kama kinarudi nyuma kuelekea kwenye maporomoko, kinazama, kinaibuka, kinarudi tena, basi hapo maji yanazunguka, yanashuka chini yanapanda mbele alafu yanarudi kuchukua tena, na mtu naye atafanywa hivyo hivyo. Mimi kijiti kikirudi hata mara moja huo upande siusogelei. Ikitokea umenaswa huko usipambane kuogelea moja kwa moja kutoka, elekea ubavuni, pembeni ndo nguvu inapungua.

Na lile povu jeupe lenyewe watu wanalipenda sana kwa picha. Povu ni maji yaliyojaa hewa, na hewa haibebi mtu, kwaiyo hata fundi wa kuogelea pale anazama zaidi kuliko alivyozoea, anapiga mikono na hasogei. Kusimama chini ya maji yanayoanguka nako mimi sikubali, toka juu hayaji maji peke yake, yanakuja mawe na vipande vya matawi, na jiwe la ukubwa wa ngumi likitoka mita 10 linafika chini na mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa.

Alafu tafuta maji yanatokea wapi. Mabwawa mengi ya msituni sio ya mwisho, yana maporomoko mengine hapo chini, na ule mdomo wa kutokea unaonekana mdogo na umetulia ila mwamba wake unateleza na maji yanakaza. Chora mstari kichwani, mbali na hapo, watoto wasivuke. Mkondo ukikubeba lala chali, miguu mbele na juu, wala usijaribu kusimama mpaka maji yawe chini ya goti, maana ukisimama mguu unaweza kuingia katikati ya mawe ukanasa, na maji yanakulaza kifudifudi hapo hapo.

Kuhusu kuruka kutoka juu nasema kifupi: usitangulize kichwa, kamwe, hata kama wenyeji wanaruka. Kama lazima uruke, ingia kwanza kwa miguu upapase chini yote, na ufanye hivyo kila unapokuja hata kama ulikuja wiki iliyopita. Wengi wanaoumia wala hawakuwa wanaogelea, walipanda juu ya maporomoko kutafuta selfi wakateleza.

Kama maji ni ya baridi usijitupe, mwili ukistushwa unavuta pumzi kwa nguvu bila kukuuliza, na kama kichwa kiko chini umeshavuta maji. Ingia polepole, nawa uso na shingo, acha pumzi itulie dakika moja mbili ndo uendelee.

Sasa hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Mvua inayoua sio lazima inyeshe ulipo wewe. Inanyesha huko juu mlimani, kwako jua linawaka, na maji yanafika baadaye yote kwa pamoja. Kuna siku nilikuwa nimekaa kando ya bwawa nakula, watoto wa watu wanacheza pembeni, nikaona jani bichi linapita, likafuata lingine, nikaangalia jiwe nililokuwa nimeweka alama, maji yamelipanda kama upana wa vidole vinne, alafu rangi ikaanza kugeuka toka kijani kuwa kama chai ya maziwa. Tulipiga kelele wote wakatoka, tukapanda juu kwenye miti, na haikuchukua muda ule mwamba niliokuwa nakalia ulikuwa hauonekani. Kwaiyo kila ukifika chagua jiwe lako liwe alama na ulitazame kila baada ya dakika chache. Maji yakichafuka, majani mabichi na vijiti vikiongezeka, harufu ya udongo ikaja, mlio ukabadilika ukawa mzito, toka, na panda juu, usikimbie kufuata mto kwenda chini. Begi liache. Hata maji ya nusu goti yakiwa na kasi yanaangusha mtu mzima.

Usioge na sabuni humo, na kama umejipaka dawa ya mbu au losheni ya jua jifute kabla ya kuingia, bora uvae nguo ya mikono mirefu. Vyura wa maeneo haya wanapumua kwa ngozi, chochote kilichoko kwenye maji kinaingia mwilini mwao. Tena wengine hawaishi popote pengine duniani, yule chura mdogo wa Kihansi, Tanzania, alikuwa anaishi kwenye mnyunyizo wa maporomoko yale tu, bwawa la umeme lilipopunguza maji kuanzia mwaka 2000 wakapungua, na kuvu anayeua vyura naye akakutwa kwao, mpaka mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wameisha porini. Huyo kuvu anaweza kusafiri kwenye tope la viatu. Ndo maana mimi nikitoka msitu mmoja nasugua soli mpaka tope lote litoke na naanika viatu vikauke kabisa kabla ya kwenda mwingine.

Maji usiyanywe hata kama yanang'aa, na kama una kidonda kibichi usiingie, mkojo wa panya unaleta homa ya mgunda na inapita hapo hapo kwenye kidonda. Kwenye nchi zenye kichocho epuka zile kona zilizotulia zenye majani majani, konokono wake wanapenda huko. Ukipata homa ndani ya mwezi baada ya safari nenda hospitali, na umwambie daktari mwanzoni kabisa kwamba uliogelea mtoni, maana asipojua hilo ataanza kutafuta vitu vingine.